Figa Moja la Jirani: Jinsi ya Kumuunga Mkono Mgombea Urais wa Chama Kingine Bila Kurudisha Kadi Yako

Nauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, tangu kifungua mimba wangu hajaanza shule. Sasa ana watoto wawili. Mwezi wa tisa mwaka 2015 nilisimama kando ya mizani yangu, mbele ya watu wasiopungua arobaini, nikasema kura yangu ya urais haiendi kwa mgombea wa chama changu. Ya ubunge na ya udiwani zinabaki nyumbani, ya urais inavuka barabara. Mpaka siku nne kabla ya hapo nilikuwa mhazini wa tawi. Tangu siku hiyo, kila uchaguzi ukikaribia, hakosi mtu wa kunisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini: mayu (ndiyo mama kwa Kisukuma), ulifanyaje? Basi naandika mara moja, mniache nianike dagaa wangu.

Makusudi sitataja chama changu wala jina nililoliunga mkono. Mwaka ule wagombea urais walikuwa wanane, ingawa gumzo lilikuwa la wawili, John Magufuli wa CCM na Edward Lowassa wa CHADEMA aliyebeba bendera ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Nikisema tu nilikuwa wapi na nilikwenda kwa nani, nusu yenu mtaacha kusoma, nusu nyingine mtanipigia vigelegele, na wote hamtasikia ninachoeleza. Wa Kirumba wanaojua wanajua. Wanyamaze.

Karatasi ni tatu

Kwenye uchaguzi mkuu huku bara unapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge, ya diwani. Hakuna sheria inayosema zote ziende chama kimoja. CCM wana msemo wao wa mafiga matatu, kwamba chungu hakikai juu ya figa moja, na vyama vingine vinahubiri hayohayo kwa maneno yao. Sawa. Lakini mwanamke aliyepikia kuni anajua figa likipasuka ugali ukiwa motoni huendi kuitisha kikao. Unachukua jiwe lolote lililo karibu, hata la uani kwa jirani, chungu kisimwagike.

Kwa hiyo jua kwanza unafanya lipi, maana njia ni zaidi ya moja na watu wanazichanganya. Kuna kuhama kabisa, kama waziri mkuu mstaafu Frederick Sumaye alivyotoka CCM Agosti 2015 akaenda UKAWA. Kuna kutoka bila kuingia kwingine, kama mzee Kingunge Ngombale-Mwiru Oktoba ileile. Kuna chama kizima kuamua, kama TLP ya Augustine Mrema ilivyomuunga mkono Magufuli mwaka 2020. Na kuna kubaki ulipo huku ukimnyooshea mkono mgombea wa wengine. Maalim Seif Sharif Hamad alifanya hivyo mwaka huohuo wa 2020: alikuwa mwenyekiti wa ACT-Wazalendo, akamuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA, na huku chama chake kilikuwa na mgombea, Bernard Membe, ambaye jina lake lilibaki kwenye karatasi. Hii ya mwisho ndiyo ninayoizungumzia. Ndiyo ngumu, kwa sababu kesho yake asubuhi unaamka na majirani walewale. Wakubwa wanahama na kurudi, Lowassa mwenyewe alirudi CCM Machi 2019. Wewe wa Mwaloni huna msafara wa magari wa kukurudisha.

Sababu iishe kabla mshale haujatulia

Kaa na sababu yako mpaka uweze kuisema huku unapima gunia la mteja. Kama huimalizi kabla mshale wa mizani haujatulia, bado haijaiva. Mimi nilianza na "nataka maendeleo". Mume wangu akaniuliza, nani hayataki? Nikakaa na hilo swali wiki nzima. Iliyobaki kwenye chekecheo ikawa ushuru. Gunia langu lilikuwa linatozwa kisiwani likipakiwa, linatozwa tena likiteremshwa, na katikati anatokea mtu na kitabu cha risiti ambacho sijui kilichapwa wapi. Wagombea wote walisema watatuondolea kero. Mmoja nilimwamini, mwingine sikumwamini, na niliweza kueleza kwa nini kwa kutumia kazi walizowahi kufanya serikalini.

Kabila lisikutoke mdomoni. Huku Kanda ya Ziwa mwaka ule "wa kwetu, wa kwetu" ilisikika mpaka kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga. Hata kama unayemuunga mkono ni wa kwenu kweli, ukilitamka hilo hakuna atakayesikia la ushuru tena.

Vua cheo kabla hujafungua mdomo

Kadi ni yako, cheo ni cha chama. Tafuta katiba ya chama chako, fungua sehemu ya maadili na nidhamu, usome mwenyewe, usisomewe. Vyama vingi vinahesabu kumpigia kampeni mgombea wa wengine kuwa kosa, na adhabu inaweza kufika kufukuzwa. Usijidanganye kwamba Katiba ya Jamhuri itakukinga na hilo. Ibara ya 18 inakupa uhuru wa kutoa maoni, ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama, lakini chama nacho kinaweza kusema huyu si mwenzetu tena. Kama ni mbunge, soma Ibara ya 71: ukikoma kuwa mwanachama wa chama kilichokupeleka, kiti kimekwenda. Diwani naye hivyohivyo. Kama ni mwanajeshi, polisi, magereza au JKT, Ibara ya 147 imekukataza hata kujiunga na chama, kwa hiyo piga kura yako ukalale. Mwalimu, nesi, mtumishi yeyote wa umma: kura ni yako, jukwaa siyo. Waulize wanaozijua kanuni za utumishi kabla hujajikuta unaandika barua ya kujieleza.

Sasa la cheo. Siku nne kabla ya kusema lolote nilikwenda kukabidhi uhazini. Nilibeba daftari la michango, kitabu cha risiti, muhuri, ufunguo wa kasha, na shilingi 86,500 taslimu. Nikataka zihesabiwe mbele ya watu watatu, na wote watatu wasaini kwa majina yao, siyo vidole gumba, maana wanajua kuandika. Mwenyekiti akacheka, "Mayu, kwani tumekushuku?" Nikamwambia bado. Zikahesabiwa mara mbili kwa sababu kulikuwa na noti ya mia tano imejikunja ndani ya nyingine. Karatasi ile niliipiga fotokopi tatu mjini, nikaiweka moja nyumbani, moja kwa mama mkwe, moja kanisani kwa katibu wa kwaya.

Baada ya wiki mbili maneno yalianza kuzunguka kwamba nimekimbia na michango ya wanawake. Sikubishana na mtu. Nilitoa fotokopi, nikaitundika kwenye nguzo ya kibanda changu kwa msumari mmoja. Maneno yakahamia kwingine. Ukichukua kitu kimoja tu kwenye maelezo yangu yote, chukua hiki, na kama hushiki fedha, basi kabidhi chochote ulicho nacho cha chama: bendera, spika, orodha ya wanachama, hata viti vya plastiki.

Anza na wa ndani, tena kwa mdomo wako

Nyumbani nilimwambia mume wangu kwanza, halafu mama mkwe. Yeye aliniuliza jambo moja tu, kama nimepewa hela. Nikasema hapana. Akasema basi niendelee kumenya viazi.

Mwenyekiti wa tawi alikuwa mgumu zaidi. Nilimfuata kwake Kitangiri saa moja asubuhi, kabla hajatoka, nikamkuta anakunywa chai ya rangi na kiporo cha wali. Nilikuwa nimejiandaa akasirike. Hakukasirika, alisukuma sahani pembeni, akanyamaza muda mrefu, akasema, "Ungeweza kufanya kimyakimya. Kura ni siri." Hilo ndilo swali utakaloulizwa na kila mwenye akili, nawe uwe na jibu. Langu lilikuwa kwamba nimekwishawashawishi wanawake zaidi ya ishirini pale Mwaloni wachukue kadi za chama chetu, na wananiamini. Nikiwaacha waendelee kudhani namuombea kura mtu nisiyempigia, nawauzia dagaa wenye mchanga.

Aliniomba nisubiri mpaka uchaguzi upite. Nikakataa, ila nikampa siku tatu awaambie wenzake yeye mwenyewe, wasiipate barabarani. Nadhani zile siku tatu ndizo zilizookoa salamu yetu. Usimtumie mtu, na usimtumie ujumbe wa simu. Kama unaogopa kumwambia mwenyekiti wako akiwa na kikombe mkononi, huko kwenye watu arobaini utasema nini?

Mbalamwezi

Ukikaa na wavuvi unajifunza kalenda nyingine. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wako nchi kavu, wanashona nyavu, wanacheza bao, wanasikiliza. Kwa hiyo nilichagua mwishoni mwa Septemba, mbalamwezi, kwa sababu ningesema wakati wa giza ningewapata madalali peke yao na wavuvi wangepata habari ziwani, zikiwa zimekwishaongezwa chumvi. (Hata kura yenyewe, tarehe 25 Oktoba 2015, iliangukia mbalamwezi. Sijui kama waliopanga walijua.) Wewe tafuta mbalamwezi yako: siku ya mapumziko ya kiwandani, siku ya gulio, baada ya mavuno.

Saa ilikuwa kumi alasiri. Mikutano ya kampeni inaruhusiwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na ingawa mimi sikuitisha mkutano wala sikuwa na spika, sikutaka mtu apate la kusema. Usifanyie kanisani wala msikitini. Maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni kwenye nyumba za ibada, na hata yasingekataza, paroko au shehe atabaki na mgogoro usiomhusu. Msibani ndiyo usithubutu kabisa. Na usianzie kwenye jukwaa la wale wengine. Wa kwako wakikusikia kwanza ukiwa viwanja vya Furahisha katikati ya bendera zisizo zao, umekwishahama hata kama kadi iko mfukoni.

Maneno yenyewe

Nilisema hivi, na nilikuwa nimeyaandika nyuma ya risiti:

"Jamani, mnanijua. Mimi ni mwanachama wa chama changu na leo sihami. Kura yangu ya diwani na ya mbunge ni ya chama changu, na nitaendelea kuwaombea kura hao wawili. Ya urais nampa mgombea wa upande ule, kwa sababu ya ushuru wa gunia, na nikisema nampa sijapewa kitu na sitapokea kitu. Uhazini nimekabidhi Jumatano. Anayetaka kuniuliza aniulize hapahapa. Sihami."

Dakika moja na nusu. Zingatia kwamba "sihami" iko mwanzo na iko mwisho. Nitakwambia kwa nini. Oktoba 14, 2002, pale Uhuru Park, Nairobi, Raila Odinga alihitaji maneno mawili tu kumuunga mkono Mwai Kibaki kwa urais, "Kibaki tosha", na Kenya nzima ikaelewa. Lakini yeye alikuwa Raila. Sisi wengine tunahitaji sentensi saba.

Mambo niliyojizuia kuyasema: sikumtukana mgombea wa chama changu. Sikumtaja hata jina. Sikusema "wengi ndani ya chama wanafikiri kama mimi", ingawa nilijua wapo, kwa sababu hawakunituma. Sikusimulia yaliyosemwa kwenye vikao. Ya kikaoni hubaki kikaoni hata ukiwa umekasirika. Na sikuahidi kwamba mgombea wangu atafanya hiki au kile. Nilisema namwamini, basi. Akishinda na asifanye, watakaokuja kukudai ahadi ni wateja wako.

Kimya kilipita. Halafu mvuvi mmoja mzee, wa Ukara, akauliza bei ya ndoo. Watu wakacheka na mimi nikacheka, na magoti yakaanza kutetemeka hapo, siyo mapema.

Kanga na bahasha

Usijiandae kwa wapinzani wa uamuzi wako peke yao. Jiandae kwa wanaoufurahia. Kesho yake ilikuja gari aina ya Noah na vijana wanne wa chama kile kingine, wakarimu mno. Walikuwa na doti mbili za kanga, kofia, fulana, na bahasha waliyoiita nauli. Nauli ya kwenda wapi, nami nimesimama kwenye kibanda changu? Nilirudisha vyote mbele ya majirani. Mkwe wangu alinuna siku mbili kwa ajili ya zile kanga, na kusema kweli zilikuwa nzuri, pindo pana.

Walitaka pia nipande jukwaani nirudishe kadi. Mnalijua hilo tendo: mtu anainua kadi juu, watu wanapiga kelele, kadi inapokelewa na kiongozi, picha zinapigwa. Mwaka ule ilikuwa ni mchezo wa kila siku, huku watu wanavua gamba la CCM, huku wanavua gwanda la CHADEMA. Kama wewe huhami, usikaribie hata eneo hilo. Mimi niliwaambia nitasema palepale niliposema, kwa yeyote atakayekuja. Kama utakubali jukwaa, weka masharti matatu kabla hujapanda gari: huvai kitu chao, hurudishi kadi, na unaanza kwa kutaja chama chako. Wakikataa la tatu, wanatafuta picha tu.

Simu

Nilirekodiwa, bila shaka. Kufika jioni kipande kilikuwa kimeingia kwenye makundi ya WhatsApp ya Ilemela nzima, na mtu alikuwa amekata "sihami" ya mwanzo. Ya mwisho aliisahau, au hakufika mwisho. Ndiyo maana nakwambia iseme mara mbili. Vizuri zaidi, mwombe mwanao arekodi yote kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa simu yako, uihifadhi. Akija mtu na kipande, wewe unampa nzima.

Usitume chochote kuhusu mgombea mwingine ambacho hukukiona kwa macho yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015, katikati ya kampeni zile, na kusambaza taarifa za uongo kunaweza kuwa kosa hata kama wewe umesogeza tu kilichotoka kwa mwingine. Ujasiri wa kusimama mbele ya watu usije ukaishia mahabusu kwa picha ya kuchezea.

Baada ya hapo

Siku kumi na moja hakuna mwanachama mwenzangu aliyepimia kwenye mizani yangu. Nilizihesabu. Walipeleka magunia kwa jirani yangu, ambaye mizani yake kila mtu anajua inakula robo kilo. Akiba ya wiki mbili iwepo nyumbani kabla hujasema. Mimi sikuwa nayo, nikakopa kwa dada.

Katika siku hizo fanya mambo ya kawaida. Nenda misibani, tena wahi, ukae jikoni na wanawake wa chama chako hata wakikusogezea kigoda cha mbali. Mchango wa harusi toa kiasi kilekile. Nilikwenda pia kwenye mikutano miwili ya mgombea wetu wa ubunge, nikasimama nyuma. Mara ya kwanza kijana mmoja alinizomea. Mara ya pili mwenyekiti alimwita kijana huyo pembeni. Nilifanya kampeni ya diwani wetu nyumba kwa nyumba, mtaa mzima, kwa sababu nilisema nitafanya.

Siku ya kura usivae rangi ya mtu wala kusema na mtu kituoni. Matokeo yakitoka, kaa ndani. Hakuna namna ya kufurahi au kuhuzunika hadharani ambayo haitakuponza: mgombea wako akishinda utaonekana unawacheka wa kwako, akishindwa utaonekana umeumbuka. Mimi nilifua mapazia.

Tawi liliniita kikaoni mwezi wa kumi na mbili. Nilipewa onyo la maandishi, nikalisaini. Walikuwa na haki hiyo, nami niliijua kabla. Kadi ninayo mpaka leo, iko kabatini ndani ya bahasha ya vyeti vya ubatizo. Uhazini sikurudishiwa na sikuuomba.

Lililonichosha zaidi lilikuja baadaye kabisa. Kila jambo la siasa linapotokea, liwe zuri au baya, mtu atapita kibandani aseme, "Si ulisema mwenyewe?" Bei ya mafuta ya taa, mtu wako. Nyavu kuchomwa, mtu wako. Nilijifunza kujibu kwa sentensi moja, kwamba nilisema ushuru wa gunia, tuongee ushuru wa gunia. Hapo ndipo utakapoona faida ya kuwa na sababu fupi. Sababu ndefu watu wanaingiza humo kila kitu.

Mwaka 2020, kampeni zikiwa zimepamba moto, kijana mmoja wa chama kile kingine alikuja usiku, mvua inanyesha, kofia imemfunika macho. Alitaka kufanya kama nilivyofanya, ila kinyume chake. Nilimpa kigoda na chai. Alikuwa na sababu nzuri, fupi, ya kivuko. Alikuwa amekwishaandika na maneno. Nikamuuliza ana cheo gani kwenye tawi lake, akasema mhazini. Nikamuuliza daftari la michango liko wapi. Akasema liko kwa shemeji yake, Igoma. Nikamwambia anywe chai aimalize, kesho akalichukue, ndipo aje tuongee.